Kifo cha Kwanza cha Mama Lotsove

Juzi asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, kijana wa radio alinipigia simu akaniuliza kama Mama Lotsove amekufa kweli. Sauti yake ilikuwa na aibu. Alisema familia imeleta komunike ya kifo na kila kitu ndani yake kiko sawa, lakini tangu alipoajiriwa, wakubwa wake walimwambia kwamba tangazo la msiba lenye jina hilo halisomwi hewani mpaka Mama Mado, yaani mimi, aulizwe. "Miye sijue juu ya nini, Mama," alisema. "Wananiambia tu iko sheria ya hapa." Nikamwambia asome. Nilikuwa hospitalini jioni iliyotangulia, na mimi ndiye niliyemfunga Mama Lotsove kitambaa cha kidevu. Alikuwa ameanguka jikoni kwake akikata vitunguu, na vidole vyake vilikuwa bado vinanuka vitunguu hivyo. Kijana akashukuru, akakata. Nikacheka peke yangu, na katikati ya kucheka nikaanza kulia, na chai ikapoa. Sheria hiyo ya radio ina umri mkubwa kuliko kijana mwenyewe. Nilikuwepo ilipowekwa, na kwa kuwa wote niliowaahidi kunyamaza wametangulia isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ameniruhusu, nadhani naweza kueleza mwaka ule ulivyokuwa.

Nilikuwa msichana mwenye diploma ya sekondari na sauti nzito, na sauti ndiyo iliyonipatia kazi. Radio yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu huko Nyakasanza, mtaa wa Bunia. Kuta za studio zilifunikwa trei za mayai ili zisirudishe sauti, na mtu fulani alikuwa amezipaka rangi ya kijani ili zisionekane kuwa ni trei za mayai. Kila mgeni alizigusa na kusema, "Hii si trei ya mayai?" Chumba cha pili kilikuwa cha habari, na humo alikaa Papa Anselme, mkuu wetu, katika koti la kahawia ambalo sikuwahi kuona limetundikwa. Alikuwa mwalimu zamani, na alizisahihisha habari zetu kama madaftari ya shule. Kabla ya kuruhusu habari yoyote aliuliza swali lake lilelile: "Hii itamufikia nani, na itamukuta wapi?" Ukijibu "wasikilizaji", alikurudishia karatasi. Alitaka umwone mtu mmoja, na jiko lake, na nani amekaa naye hapo jikoni. Mwanzoni niliona ni uzee. Leo nikisikiliza habari kwenye simu, namkumbuka kila siku, na wakati mwingine namkumbuka kwa sauti, hadi wajukuu wananitazama.

Kitu ambacho watu walikisikiliza kuliko vyote kilikuwa komunike za saa sita mchana. Fulani amefariki, matanga yako avenyu fulani. Ng'ombe mwenye baka jeupe amepotea. Mzigo wa fulani umefika, aje auchukue. Papa Anselme hakuwahi kuruhusu komunike ya kifo isomwe bila mtu kutumwa nyumbani kwenda kuona turubai na kusikia vilio. Kwa habari za serikali watu walikuwa na mashaka yao, lakini kwa komunike zetu walifunga safari. Baada ya kusoma, tulikaa barazani, na Mama Lotsove alifika na sufuria zake kichwani. Alituuzia chakula cha mchana: sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani siku ambazo barabara ilikuwa nzuri. Alikuwa mjane mwenye mwili mnene na miguu midogo, na alikuwa na tabia ya kukuongezea chakula huku akikulaumu kwamba unakula sana.

Chumba cha tatu kilikuwa cha fonii, ile redio ya mawasiliano yenye kelele nyingi tuliyozungumzia na viwanja vya ndege vya vilimani. Hicho ndicho kilikuwa changu asubuhi. Nilivaa vifaa vya masikio na kuita kiwanja baada ya kiwanja, nikauliza hali ya hewa, bei ya maharage, na kama pisti ya kutulia ndege imekauka. Kiwanja nilichokipenda nitakiita kiwanja cha juu, kama tulivyokiita wenyewe. Aliyenijibu huko aliitwa Ngabu, mtoto wa marehemu dada yake Mama Lotsove, ambaye yeye alimlea na kumwita mwanawe. Sikuwa nimewahi kumwona. Nilijua tu sauti yake, ya taratibu, isiyoharakishwa na chochote. Pisti yake ilikuwa pia malisho ya kijiji, na ndege haikuweza kutua bila kuomba kwanza. Rubani aliita, "Ng'ombe iko ku pisti?" na Ngabu alijibu, "Ngoja kidogo, inatoka," na wachungaji wakakimbia na fimbo zao. Mimi niliyasikia hayo yote kutoka Bunia, nikacheka, na Ngabu akanisikia nikicheka. Huo ndio ulikuwa urafiki wetu.

Katikati ya msimu wa maharage, ndege ndogo iliyokuwa inarudi Bunia ilitekwa angani. Mama Lotsove alikuwamo, ametoka kufuata samaki wa chumvi, na nyuma yake walikaa vijana watatu waliovaa vizuri, kama watu waendao harusini. Vijana wakatoa bastola, wakamwamuru rubani atue kwenye kiwanja cha juu, ambako wenzao walingoja vilimani. Walitaka nini, kila mtu Bunia alikuwa na jibu lake, na majibu mengi yaliishia kwenye dhahabu ya machimbo ya Kilo. Rubani akawaambia kitu cha kweli, kwamba hatui bila kuomba ng'ombe watolewe. Wakamruhusu aongee. Akaomba kama siku zote, na mwishoni akaongeza sentensi moja ya kawaida kabisa, salamu ambayo mtu yeyote angeweza kumtumia ndugu yake. Ilikuwa alama waliyokubaliana marubani na watu wa fonii wa viwanja vyote vya vilimani. Maana yake: nimeshikiwa silaha, usiniache nitue. Sentensi yenyewe sitaiandika. Mtaona hivi punde kwamba karibu Ituri nzima iliisikia, lakini niliahidi. Ngabu akajibu kwa sauti yake ileile, "Ngoja kidogo, inatoka," akahamia masafa mengine, akaita Bunia kuwaarifu wanajeshi, kisha akatoka nje na kuwaambia wachungaji waingize kundi lote, na mbuzi pia. Ndege ikazunguka, ikazunguka, na chini palikuwa pembe tupu. Mwishowe rubani akawaonyesha watekaji mshale wa mafuta, akawaambia yanatosha kufika Bunia tu. Bunia wanajeshi walikuwa wanangoja. Wawili walikamatwa, wa tatu akapotelea kwenye majani marefu. Hakuna abiria aliyeumia, isipokuwa samaki wa Mama Lotsove, waliokanyagwa na kila mtu aliyekimbilia mlango.

Waandishi wakaja kutoka kila upande, wengine na kamera, na wote waliuliza jambo moja: ilikuwaje? Afisa mmoja wa usalama, aliyependa kusikilizwa, akawaita wote na kuwaonyesha mahali askari wake walipojificha, nyuma ya mapipa ya mafuta, na njia waliyopitia, na ishara waliyopeana. Radio nyingine zikatangaza hayo yote siku nzima. "Vizuri," alisema Papa Anselme. "Watekaji wa kesho wataanzia nyuma ya mapipa." Rubani naye alifika barazani kwetu mchana, akala nasi. Kisha akamwomba Papa Anselme kwa Kifaransa atangaze anachotaka, bastola, hofu yake, hata jinsi alivyojikojolea, lakini ng'ombe wabaki ng'ombe tu. Kuna viwanja vingine, alisema, na marubani wengine, na alama ni ileile moja. Papa Anselme akakubali palepale. Mimi nikabisha. Nikasema, kwa Kifaransa changu kizuri cha diploma, kwamba hiyo ndiyo habari yenyewe, na kwamba tukinyamaza wengine watatutangulia. Akaniuliza swali lake: itamfikia nani? Nikala sombe yangu kwa hasira. Saa sita ya siku iliyofuata tulisema ndege ilishindwa kutua kwa sababu kiwanja kilijaa ng'ombe. Ilikuwa kweli tupu, na watu wakasema ni mkono wa Mungu.

Tulipobishana, tulibishana kwa Kifaransa, kama tulivyofanya kila yalipokuja mambo ya kazi. Mama Lotsove alikuwa hapo hapo akitupakulia. Hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kumweleza kwa lugha yake kwamba kuna neno la kufichwa. Na wiki ileile Ngabu alishuka kumpa pole, akamletea maziwa, na mama akamuuliza jambo ambalo waandishi wote hawakujua kuliuliza: kwa nini ng'ombe walikuwa kwenye pisti saa ambayo huwa mtoni? Ngabu hakuwahi kumficha mwanamke huyo kitu. Akamweleza, akanywa chai, akapanda tena kwenye kiwanja chake.

Jumapili tulirusha misa moja kwa moja kutoka parokia, kama kila Jumapili, na mimi ndiye niliyeshika mikro. Wakati wa sadaka Mama Lotsove alitoka nyuma kabisa ya kanisa akicheza, kikapu kichwani, na ndani ya kikapu mlikuwa na wale samaki waliokanyagwa. Alikuwa anatoa shukrani, na kwetu mtu anayetoa shukrani hatoi nusu. Ukipunguza ulichotendewa, umemwibia aliyekutendea. Kwa hiyo hakupunguza kitu. Alieleza bastola, alieleza kuzunguka, halafu akasema watu wanadhani ni ng'ombe, kumbe Mungu alimtumia rubani, na akatamka ile sentensi neno kwa neno, akaeleza maana yake, na akasema Mungu alimtumia pia mutoto yake Ngabu wa fonii, ule wa kiwanja cha juu, aliyeingiza ng'ombe kwa akili. "Mungu amupe miaka mingi," alisema, na kanisa zima likapiga vigelegele. Nilimtafuta Papa Anselme kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye benchi lake, mkono mmoja umeinuka nusu, na ukabaki hapo. Unamkatizaje mjane anayemshukuru Mungu kwa kuponywa? Kwaya ikaanza, na ngoma ikamaliza mambo.

Vilimani pia watu walisikiliza misa yetu. Yule wa tatu aliyekimbia, na wenzake, walikuwa na redio kama kila mtu. Mchana ule Papa Anselme alikwenda kwa Mama Lotsove nami nikamfuata. Alitukaribisha kwa furaha, akauliza kama alisikika vizuri. Papa Anselme hakumlaumu. Alikaa kwenye kigoda, akamweleza polepole kwa Kiswahili yale ambayo tungemweleza tangu mwanzo, na niliona furaha ikimtoka usoni. "Na mutoto yangu?" aliuliza. Papa Anselme akasema hajui. Ngabu akikimbia, amekiri, na njia zote za kule wale watekaji walizijua. Asipokimbia, watakuja wamkute. Mama Lotsove akaweka mikono yake kichwani, hakulia, akasema tu, "Nimemutaja na jina. Nimemutaja na jina mbele ya Mungu."

Jumatatu niliwasha fonii mapema. Viwanja vingine nikavipita, nikaita cha juu. Ngabu akajibu. Anga ni safi, alisema, maharage yameshuka bei, pisti imekauka. Sauti yake ilikuwa ileile ya taratibu, lakini hakuuliza kama nimelala vizuri, na kila siku aliuliza. "Leo niko na wageni," alisema. "Wamekuja kunisalimia. Wanakaa tu hapa, tunaongea." Nikamuuliza kama ni wageni wa mbali. "Hapana, wa hapa hapa. Wanapenda sana kujua kazi ya fonii." Nikasikia mtu anacheka karibu naye. Nikamwambia awape salamu. Nikavua vifaa vya masikio, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Anselme.

Mama Lotsove alikuwa amekaa kwenye benchi la barazani tangu kulipopambazuka, bila sufuria. Alinisikiliza nikimweleza Papa Anselme, kisha akaingia chumba cha habari bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mutangaze miye nimekufa," alisema.

"Mama, weye iko hapa," alisema Papa Anselme.

"Najua miye iko wapi. Nani anaweza kumuzuia mutu kwenda ku kilio ya mama yake? Ata mwizi hawezi. Ata wale. Wasome jina yangu saa sita, wamwite Ngabu, atashuka na mulango yote itafunguka."

Papa Anselme alivua miwani. Akasema radio haijawahi kusoma kifo cha uongo. Akasema watu wakijua, hawataamini tena komunike hata moja, na siku moja mtu atazikwa bila ndugu zake kwa sababu walidhani tunadanganya. Kila alichosema kilikuwa sawa. Akasema pia kile kilichokuwa kinatuogopesha wote, kwamba mtu hatangaziwi kifo akiwa hai, kwamba kufanya hivyo ni kukiita. Mama Lotsove akamtazama, miguu yake midogo imeshikamana. "Papa Anselme," alisema, "kila siku unauliza hawa watoto: itamufikia nani, itamukuta wapi? Najua ile swali, siye wote hapa tunaijua. Basi miye nakuuliza. Itamufikia Ngabu. Itamukuta na wale watu ndani ya nyumba."

Nje fundi wetu alikuwa akivuta kamba ya jenereta. Papa Anselme akachukua karatasi, akaandika komunike kwa mkono wake, akanipa. Kisha akasema, "Soma vizuri, mwanangu," na akatoka nje kusimama uani wakati nikisoma, kwa sababu hakutaka kuisikia. Nikasoma. "Familia inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kifo cha ghafula cha Mama Lotsove. Matanga yako nyumbani kwake, Nyakasanza. Anaombwa kufika bila kukawia mwanawe Ngabu, wa fonii ya kiwanja cha juu." Nikasoma mara mbili kama desturi, na mara ya pili sauti yangu ilikatika bila mimi kuikata. Bunia iliamini. Jana yake wote walikuwa wamemsikia kanisani, na wengi wakasema mtu akishukuru kwa ukamilifu namna ile, Mungu humchukua palepale.

Tatizo ambalo hatukulifikiria ni kwamba matanga lazima yawepo. Kabla ya alasiri uwanja wake ulijaa. Walikuja na kuni, unga, mkaa, mafuta, na turubai la parokia. Papa Anselme aliwaambia mwili uko hospitalini, unangoja mwana afike, na baada ya hapo hakusema tena. Mama Lotsove alikaa chumba cha nyuma, kilichokuwa na kitanda, kigoda na dirisha dogo lenye pazia, na mimi nikakaa naye ili asitoke. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote za mwaka ule. Kila neno la uani lilitufikia. Mama mmoja alisema marehemu alikuwa na moyo, lakini tuseme ukweli, sombe yake ilizidi chumvi. "Ni nani ule?" Mama Lotsove akanong'ona. "Ni Mama Pélagie? Kila siku anarudi kuongezwa." Nikamfunga mdomo kwa kiganja. Wanaume wakabishana kuhusu umri wake, wakamwongezea, akashika kichwa. Harufu ya maharage yaliyokuwa yanaungua ikaingia dirishani, na nusura tushindwe, maana alikuwa tayari amesimama. "Wanachoma chakula ya kilio yangu," alisema, "na miye nikae hapa?"

Kisha akaja jirani wa upande wa chini, ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa muda mrefu kwa sababu ya kuku na ua wa miti. Tulimtambua kwa kilio. Hakulia kilio cha adabu. Alilia kama mtu aliyevunjiwa kitu mkononi, akimwita Lotsove kwa jina la usichana wake, akimuuliza kwa nini ameondoka wakiwa bado wamenuniana. Mama Lotsove akakaa kitandani. Hakunong'ona tena. Alishika mkono wangu, na machozi yakamshuka hadi kidevuni bila kuyafuta. "Kumbe," alisema. Nimehudhuria matanga mengi tangu hapo, na sijawahi kuongea neno baya hata kwa mzaha, maana kila mara naona kama kuna mtu nyuma ya pazia anasikiliza nani amekuja.

Ngabu alifika kesho yake mchana, juu ya lori la maharage lililotokea Iga Barrière. Ndiyo mara ya kwanza kumwona. Kwa sauti ile nilitarajia mtu mrefu. Alikuwa mfupi, mwenye masikio makubwa, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na chini ya kwapa alikuwa ameshika kuku. Alianguka kwenye mlango wa uwanja akilia, na mama mmoja akamwondolea yule kuku. Baadaye alitueleza kwamba komunike iliposomwa, wageni wake walikuwa wanamuuliza kwa mara nyingine kuhusu ile sentensi, na redio ya jirani ilikuwa inasikika. Mkubwa wao akavua kofia, akasema pole. Wanawake wa kijiji walikuwa tayari wameingia wakilia, wakamzunguka, wakamfungia kanga kiunoni. Wale watu wakafungua njia, na mmoja wao, yule aliyekuwa anacheka kwenye fonii, akakimbilia nyuma ya nyumba na kurudi na kuku. "Upeleke ku kilio," alimwambia. "Huwezi kwenda mikono tupu."

Mama Lotsove alikuwa ameahidi kukaa ndani mpaka watu wapunguzwe. Lakini mwanawe alikuwa anapiga kichwa ardhini na kuita mama, na yeye ni mama. Aliniondoa mlangoni kwa nyonga yake tu. Nakumbuka alivyotoka juani akifumba macho kwa mwanga. Nakumbuka pia benchi zilivyoanguka, kwaya ilivyokatika katikati ya neno, na katekista akiruka ua wa miti na Biblia mkononi. Ngabu pekee hakukimbia. Alibaki amepiga magoti akimtazama. Mama Lotsove akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kitenge chake. "Basi, mwanangu," alisema. "Ingia ukule. Chakula iko mingi." Wa pili kutokimbia alikuwa jirani wa upande wa chini. Alimkaribia Mama Lotsove, akamgusa shavu kwa kidole kuhakikisha, kisha akampiga kofi, kisha akamkumbatia. Kuku wa watekaji tulimla jioni ileile, kwa mchuzi wenye chumvi nyingi, na Mama Pélagie alirudi kuongezwa.

Siku iliyofuata, saa sita, Papa Anselme aliingia studio mwenyewe. Alisema: "Radio hii ilitangaza kifo cha mtu aliye hai. Tulijua kuwa yu hai. Uamuzi ulikuwa wangu." Akasoma komunike nyingine kama kawaida. Hakueleza kwa nini, siku ile wala baadaye. Tulimsihi. Nilimwambia akieleza tu neno moja watu watambeba mabegani. Akasema huenda siku moja mtu mwingine atahitaji kuitwa namna ile kutoka mahali pabaya, na mlango ukielezwa umefungwa. Wenye radio wakamwondolea ukuu wa habari. Kwa muda mrefu watu walikwenda hadi nyumbani kwa marehemu kuhakikisha kabla ya kulia, na sokoni walimwita Papa Ufufuko. Alicheka nao. Alinifundisha kazi mpaka akazeeka katika koti lile lile, na kitu pekee alichodai kiwekwe sheria ni kwamba jina la Mama Lotsove lisisomwe tena kwenye komunike ya kifo bila mimi kuulizwa. "Hawezi kufa mara mbili kwa radio yetu bila siye kuwa na hakika," alisema. Ngabu hakupanda tena kwenye kiwanja chake, na kwa viwanja vya vilimani marubani walitafuta alama nyingine. Hiyo sikuambiwa, na sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza.

Jana nilikuwa kwenye matanga mapema. Kijana wa radio alikuwa amesoma mara mbili, vizuri, lakini viti vya plastiki vilikuwa vitupu, safu baada ya safu, chini ya turubai. Simu yangu haikunyamaza. Wazee wa Nyakasanza walinipigia mmoja mmoja. "Mado, hii ya sasa iko ya kweli?" Nikawaambia ndiyo. Wengine walicheka, wakadhani naendeleza mchezo, na sikuwa na hasira nao. Nilimkumbuka Papa Anselme na yale aliyoyaonya, kwamba siku moja mtu atakosa waombolezaji kwa sababu yetu, na nikajua kuwa alijua, na bado aliandika ile karatasi. Alasiri pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka Ngabu, mvi kichwa kizima, masikio yaleyale, na chini ya kwapa ameshika kuku. Ni yeye niliyemwomba ruhusa ya kuandika haya, tulipoketi baadaye. Lakini kwanza hakunisalimu, wala hakukaa. Alinipa kuku mkononi, akapita katikati ya viti vitupu, akaingia ndani, na nikamfuata hadi chumba cha nyuma. Akafungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kigoda kiko mahali pake, pazia limefungwa. Akaangalia nyuma ya mlango. Akainua pazia, akaangalia nje, akalirudisha.

"Mado," alisema kwa sauti yake ya taratibu, "Mama haiko humu."

Ndipo akaanza kulia.